Koki Iliyomo Chumbani kwa Mama Cherehani

Mgeni rasmi, Mkuu wa Ofisi ya Maji, uliyeziacha kazi zako za mezani ukaja kukaa nasi. Maofisa mliofuatana na mkuu wenu. Mafundi wa bomba mliochimba mtaro huu wiki sita bila kugombana na mtu. Majirani wa mtaa mzima. Na nyinyi watoto mliokaa hapo mbele mkanyamaza bila kutishwa: tunawasalimu wote.

KARIBU KWETU

Sisi ni wakazi wa Ghala la Zamani, lile jengo la matofali lenye ngazi ya chuma kwa nje. Tuko vyumba kumi na vinne. Tulipoambiwa tusome risala kwa sababu bomba jipya linapita mbele ya mlango wetu, tulifurahi, tukakaa kikao kuamua tukuambie nini.

Kikao kilikuwa kirefu. Wengine walitaka tuzungumzie taka, maana taka ni jambo la kila mtu na halimuudhi yeyote. Wengine walitaka tushukuru tu, tupige makofi, tumalize. Mwisho tukakubaliana kuzungumza juu ya koki moja, na tulipokubaliana hivyo tulijua kuna mwenzetu hatapenda. Amekaa safu ya pili, amejifunga kitambaa cha bluu. Tunakuomba usimtazame sana, ana haya. Kazi yake ni ushonaji, na sisi tunamwita Mama Cherehani.

Alitukataza. Alisema, "Mgeni anakuja kufungua maji, nyinyi mnataka kumwonyesha beseni langu la chini ya kitanda? Semeni asante mkae."

Dada yetu, tuwie radhi. Asante tutaisema. Kukaa, bado kidogo.

HISTORIA YA KOKI

Jengo letu, kama jina linavyosema, lilikuwa ghala. Zilihifadhiwa humo karatasi za kuchapia vitabu. Wakati ule maji yalimhitaji mtu mmoja tu, mlinzi, anawe mikono na achemshe chai yake. Bomba likaingizwa kwenye kijichumba cha pembeni, likawekewa koki ya shaba ya kufungia maji, yenye usukani mdogo wa mviringo kama kifuniko cha chupa kubwa.

Ghala lilipogawanywa vyumba vya kupangisha, bomba halikuhamishwa. Waliunganisha tu mabomba mengine mbele yake, moja likaenda juu, moja likaenda nyuma, moja likaenda vyooni. Kwa hiyo, mgeni rasmi, maji yote ya vyumba kumi na vinne hupita kwanza kwenye kile kijichumba cha mlinzi. Nacho leo ndicho chumba cha kwanza, anamolala na kushona Mama Cherehani. Koki iko ukutani, kati ya kichwa cha kitanda na meza ya cherehani, usawa wa goti.

Alipohamia aliiona, akaitundikia pazia dogo la maua, akasema, "Na wewe una chumba chako." Hakujua kwamba amepata mpangaji mwenziwe.

Koki ile ni mzee. Inavuja shingoni, pale usukani unapoingilia. Usipoigusa, inadondosha tone moja, inatulia, inadondosha jingine. Ukiigusa vibaya, inalia pande zote. Na hakuna namna ya kuikwepa, kwa sababu bomba likipasuka juu, au choo kikikataa kunyamaza, mtu lazima ashuke, abishe hodi chumba cha kwanza, aseme, "Mama, tufungie."

Mama Cherehani ndiye pekee aliyejifunza tabia zake. Anapiga magoti, anaizungushia kitambaa, anaishika kwa viganja vyote viwili, anazungusha taratibu huku akihesabu kwa sauti ya chini. Mizunguko mitatu na robo. Hapo anaacha. Ukiongeza robo nyingine, usukani unazunguka bure kama gurudumu lililong'oka na maji hayafungiki. Ukipunguza robo, hayafungiki sawasawa. Tumemuuliza mara nyingi amejuaje. Anajibu, "Kama mnavyojua mlango wenu unapokwama. Nimekaa nayo."

Kisha kuna uzi. Kila baada ya wiki mbili tatu, anachukua uzi mnene wa kushonea viti, anaupitisha kwenye kipande cha nta mpaka ulainike, anauzungushia shingo ya koki raundi kwa raundi, anaukaza na kuukata kwa meno. Mafundi wanatumia katani, yeye anatumia alichonacho. Ukimwona akifanya kazi ile utadhani anafunga jeraha la mtu wake.

MAFANIKIO

Hapa, mgeni rasmi, utashangaa kidogo. Tunayo mafanikio, na mengi yametokana na kuvuja.

Chini ya koki kuna beseni. Tone hata likiwa dogo, beseni hujaa. Siku za mwanzo Mama Cherehani alilimwaga peke yake asubuhi na jioni. Baadaye wa chumba cha tisa akamwambia, "Dada, maji ni ya wote, mgongo uwe wako tu?" Ndipo tukaweka zamu. Leo chumba cha pili, kesho cha tatu, mpaka tunazunguka. Mwenye zamu anakuja, anachukua beseni, anaoshea ngazi au anapiga deki korido, analirudisha. Ngazi yetu ya chuma unaiona inavyong'aa. Haijapata kukaa siku mbili bila kuoshwa.

Lakini mtu haji tu akachukua beseni akaondoka. Anasalimia. Anaulizwa watoto wameamkaje. Anakaa kwenye ncha ya kitanda kungoja Mama Cherehani amalize mshono. Ugomvi wa chumba cha tano na cha sita juu ya kamba ya kuanikia nguo uliishia pale, wote wawili wakiwa wamefika kwa beseni moja kwa kukosea siku. Na mtu akipitisha zamu yake bila taarifa, jioni anafuatwa. Beseni lilipofurika siku ya zamu ya fundi viatu wa chumba cha nne, tulimfuata tukamkuta na homa ya siku mbili. Asingefuatwa, tusingejua.

Yeye mwenyewe fundi viatu ndiye aliyeuliza kwenye kikao, "Sasa koki ikipona, tutakutania wapi?"

Watu walicheka. Mama Cherehani akamjibu bila kuinua macho kwenye sindano, "Mtakuja kunisalimia, shemeji. Au miaka yote hii mlikuwa mnalisalimia beseni?"

Tumelifikiria neno lile tangu siku hiyo mpaka tunaandika risala hii.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ya kwanza ni kwamba Mama Cherehani hawezi kusafiri.

Miaka minne iliyopita alisafiri mara moja, kwenda kumwoza binti yake kwenye mji ulio mwendo wa saa tano kwa basi. Aliomba ruhusa kwetu sote kama mfanyakazi anavyoomba kwa bosi. Alimfundisha fundi viatu kwa siku tatu: kitambaa, viganja, tatu na robo. Akaondoka asubuhi. Adhuhuri bomba la chumba cha kumi na moja likaachia. Fundi viatu akashuka mbio, kitambaa hakukiona kilipo, akashika spana.

Mgeni rasmi, wewe ni mtu wa maji, tusikueleze sana. Usukani ulizunguka bure. Shingo ikaachia. Maji yakaruka mpaka kwenye dari, na chini ya dari ile kulikuwa na sare arobaini za shule, zimekunjwa, zimehesabiwa, zinangoja vifungo tu. Rangi ya sketi ikaingia kwenye mashati. Tulisimama mlangoni tumeshika ndoo na mashuka, tukajaza, tukamwaga, mpaka mtu mmoja akafanikiwa kuifunga shingo kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Mama Cherehani alirudi siku ya pili, bado ana hina ya harusi mikononi. Alisimama mlangoni. Alitazama mashati. Hakulia wala hakugomba. Aliuliza neno moja tu, "Nani alitumia spana?"

Fundi viatu akasema, "Mimi, dada."

"Haya. Niletee kiti."

Akakaa, akaanza kufumua mshono wa shati la kwanza. Alishona upya arobaini zote. Tangu siku ile hajalala nje ya chumba chake. Sokoni anakwenda na kurudi. Kwenye mazishi ya jirani anakaa karibu na mlango. Mtu akimwita kwa haraka anauliza kwanza, "Ni maji?"

Sasa yule binti amejifungua. Ni mtoto wa kwanza, wa kike, ana miezi saba. Bibi yake hajamwona ila kwenye simu. Kuta za Ghala ni za mbao upande wa ndani, na simu ya Mama Cherehani sauti yake ni kubwa, kwa hiyo mazungumzo tunayasikia hata tusipotaka. Wiki iliyopita yalikuwa hivi:

"Mama, mtoto ameota jino la pili. Utakuja akishaolewa?"

"Nitakuja mwanangu. Hili la koki likikaa sawa."

"Koki, koki! Mimi si mwanao? Hiyo koki ina vyumba kumi na vinne, mimi niko peke yangu."

"Ndiyo maana, mama. Wewe unaweza kunisubiri. Maji hayasubiri."

Binti akasema polepole, "Yaani mimi ndiye ninayeweza kusubiri." Akakata simu.

Siku ile cherehani haikulia mpaka jioni. Mwenye zamu alipokuja kuchukua beseni, Mama Cherehani alikuwa amekaa kitandani, kofia ya kitoto iko mapajani, ameishona yeye. Alisema, "Nimeikata kwa kichwa cha mtoto mchanga. Sasa itamtosha mdoli." Akaifumua.

Changamoto ya pili, mgeni rasmi, ni yetu wenyewe. Tumeiogopa kuiandika, na tumeifuta mara mbili. Lakini tusipoisema, wewe utadhani ofisi yako ndiyo yenye kosa, na haitakuwa haki.

Mwaka jana ofisi yako ilimtuma mkaguzi kupita nyumba hadi nyumba. Tangazo lilisema wazi: bomba jipya litakuja na presha kubwa, kwa hiyo kila koki kuu iliyochoka itabadilishwa na ofisi kabla maji mapya hayajafunguliwa. Lilibandikwa pale getini kwetu. Tulilisoma wote.

Na sisi tulifanya nini? Tulisafisha. Mgeni anakuja, basi tukasafisha. Tulipiga deki korido, tukafua pazia la maua. Mama Cherehani aliamka mapema, akaizungushia koki uzi mpya na nta mpya. Aliipangusa mpaka kitambaa kikakauka. Fundi viatu, ambaye tangu siku ya spana anatafuta namna ya kujitoa kwenye lawama, akaja na brashi na rangi nyeusi ya viatu. Akaipaka. Akaisugua. Koki ile ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na mafuta ya rangi yakaziba pale ambapo uzi haukufika. Beseni tukalisukuma chini kabisa ya kitanda. Hakuna aliyesema "tudanganye". Tunakuapia, mgeni rasmi, hilo neno halikutamkwa. Kila mtu alikuwa anafanya adabu tu.

Mkaguzi akaingia, kijana mpole, akavua viatu mlangoni. Aliinama, akaigusa koki, akatazama kidole chake. Kikavu.

"Hii mmeibadilisha lini?"

Fundi viatu akajibu kwa majivuno, "Hatujabadilisha, mkuu. Tunaitunza."

"Wangetunza wote hivi, ningekuwa nimeshamaliza kazi." Akaandika kwenye daftari neno moja: nzima. Akatushukuru, akavaa viatu, akatoka.

Hajafika getini, tukasikia tone. Beseni lilikuwa tupu, kwa hiyo lililia sana. Tulikuwa watu saba mle chumbani, tukatazamana. Mama Cherehani akasema, "Mwiteni."

Hakuna aliyenyanyua mguu. Tumekwisha kusifiwa, nani atoke akaseme sifa si zetu? Akarudia, "Mwiteni, jamani, ataondoka." Fundi viatu akatoka mbio. Akarudi anahema, akasema, "Nimemkosa. Ameshapanda pikipiki."

Tukaamini. Mwezi wa tatu baada ya siku hiyo, zamu ya beseni ikiwa yake, fundi viatu alikaa kwenye ncha ya kitanda kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Dada, siku ile sikumkosa mkaguzi. Nilimfikia. Alikuwa anavaa kofia ya pikipiki. Akaniuliza, kuna nini? Nikamwambia, nimekuja kukushukuru."

Mama Cherehani aliendelea kupiga cherehani mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi. Akasema, "Hata mimi nilikuwa na miguu, shemeji. Na chumba ni changu." Hawajalizungumza tena. Fundi viatu ndiye aliyetuomba tuliandike hapa, na ameketi hapo nyuma kwenye nguzo. Mgeni rasmi, tulikuwa saba. Usimbebeshe yeye peke yake.

Changamoto ya tatu inatokana na hiyo ya pili. Tuliandika barua tatu ofisini kwako kuomba kitu kimoja, mtu mwenye ufunguo wa mtaani aje afunge bomba la barabarani kwa muda, ili tubadilishe koki sisi wenyewe. Koki mpya tunayo, tulishainunua, imo chumba cha nne ndani ya boksi lake. Fundi tunaye: ni binti wa chumba cha tisa, amesomea kazi ya bomba na cheti anacho. Lakini koki kuu haibadilishwi maji yakiwa yanasukuma nyuma yake. Binti alituambia, "Nikiifungua hivi hivi, nitawaogesha mpaka wa ghorofani." Na kifuniko cha barabarani kina kufuli la ofisi.

Majibu yalikuja, ya heshima, yote matatu yanafanana. Kumbukumbu zinaonyesha koki ya jengo lenu ni nzima. Haiwezekani kukatia mtaa mzima maji, pamoja na zahanati iliyo mwisho wa barabara, kwa ajili ya koki iliyo nzima. Tuliposoma jibu la tatu hatukukasirika. Ungekuwa wewe umekaa kwenye ile meza, na daftari linasema vile, ungejibu vipi?

MAOMBI

Mgeni rasmi, umesikia risala nyingi, na unajua sehemu hii watu huomba gari, au kisima, au uzio. Sisi tunaomba vitu vitatu, na vyote havina uzito.

La kwanza, tunaomba neno lile lifutwe. Kwenye daftari, mbele ya Ghala la Zamani, paandikwe ukweli: inavuja. Asiulizwe mkaguzi. Yeye aliandika alichokigusa. Tuliomdanganya ni sisi, kwa kupangusa.

La pili, tunaomba uje uione kabla haijang'olewa. Ni hatua thelathini kutoka hapo ulipokaa. Safari hii hatukusafisha. Ilikuwa vigumu, maana kuna wanawake hapa hawajawahi kuacha mgeni aingie chumbani kabla ya kufagia, na tangu jana mikono inawawasha. Mama Cherehani mwenyewe alishika kitambaa asubuhi, tukamnyang'anya. Uzi umelegea, rangi ya viatu imebanduka, beseni liko wazi katikati ya sakafu. Utaona kama tulivyo.

La tatu ndilo kubwa.

Leo asubuhi, tangu saa kumi na mbili, bomba la barabarani limefungwa. Mafundi wako wamelifunga kwa ajili ya sherehe hii, ili wewe ulifungue mbele ya watu na maji mapya yaje kwa nguvu. Mtaa mzima ulitangaziwa, ndoo zimejazwa tangu jana, na zahanati imeletewa tangi lake. Yaani kile tulichokiomba kwa barua tatu, kimekuja chenyewe, bila kuombwa, kwa ajili ya utepe. Mkiwa mmekaa hapa kwenye viti, nyuma ya koki yetu hakuna maji. Ni mara ya kwanza tangu Mama Cherehani aingie chumba kile.

Binti fundi ameshaipima shingo ya koki. Anasema maji ya bomba jipya yakifika, haitamaliza siku. Itaruka. Na mle ndani sasa hivi kuna nguo za watu, kuna cherehani, kuna kitanda chake. Anasema pia kazi ya kuibadilisha ni saa moja. Tulimbana, tukamwuliza kama dakika arobaini zitatosha, akatujibu, "Mnataka haraka au mnataka isivuje?" Basi, saa moja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, umekuja kufungua, nasi tunakuomba usifungue. Ufunguo ule mrefu wa chuma uliofungwa utepe, ulio mbele yako mezani, uache ulale saa moja zaidi. Tunajua una safari nyingine. Tunajua kuna mpiga picha, na kuna hotuba, na maofisa wako wameshaanza kutazama saa zao. Hatujawahi kuona mgeni rasmi akiombwa asifanye alichojia, na mwandishi wa risala hii aliposoma sentensi hiyo kikaoni kuna aliyesema, "Tutafukuzwa." Lakini tumeona ni afadhali tukuaibishe kidogo kwa kweli kuliko kukupigia makofi huku tunasikilizia maji ya kule ndani.

Hotuba yako unaweza kuitoa ndani ya saa hiyo, tutaisikiliza yote. Ikiisha, chai ipo, na kiti chako tumekiweka kivulini. Binti fundi amesimama pale mlangoni na boksi mkononi. Hataingia mpaka atakapokuona umeitikia kwa kichwa. Ukikataa pia hatutakununia. Tutabeba cherehani na nguo kuzipandisha ghorofani, tutapanga mstari wa ndoo, na Mama Cherehani atabaki ameipigia magoti koki ile kama tulivyomzoea, huenda kwa miaka mingine.

Ukikubali, kuna basi la saa tisa mchana. Hatujamwambia. Tukimwambia atatafuta sababu, atasema kuna suruali ya mtu, kuna zipu ya mtu. Suruali tutampelekea mwenyewe ikiwa haijakatwa, na zipu itasubiri. Chumba cha tisa kimeshajitolea kulala na ufunguo wa chumba cha kwanza. Mjukuu wake atakuwa bado yuko macho anapofika, maana watu wa huko, kwa jinsi tunavyowasikia kwenye simu, hawalazi watoto mapema.

Na ikiwa basi litaondoka naye, kesho asubuhi mwenye zamu atakwenda chumba cha kwanza kama kawaida, atakuta sakafu kavu, na hatakuwa na la kuchukua. Tumejiuliza atafanya nini. Tumekubaliana atapita chumba kinachofuata, abishe hodi, aulize watu wa pale wameamkaje. Tutajaribu. Hatuna hakika kama tutaweza bila beseni.

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa bomba jipya, na hatusemi hivyo kwa adabu. Wapo hapa waliobeba maji kichwani utoto wao wote. Tunawashukuru mafundi wako waliochimba mtaro wakaufukia vizuri, na yule mkaguzi, popote alipo, aliyevua viatu kabla ya kuingia kwa mwanamke.

Mwenyezi Mungu akupe afya wewe na wa nyumbani kwako. Maji yasikupungukie unapoyahitaji, wala yasikukute umelala. Atuzidishie na sisi ujasiri wa kusema kinachovuja kikiwa bado ni tone.

Tumemaliza kusoma. Sasa tunautazama mkono wako.

Ni sisi, wakazi wa vyumba kumi na vinne,
Ghala la Zamani.